Kabla ya Kuandika "Mradi Umefaulu"

Mwongozo kwa maafisa elimu, walimu wakuu na wasimamizi wa miradi ya shule

Mwongozo huu unawahusu wanaoandika au kupokea taarifa za miradi ya elimu: afisa elimu kata anayepeleka taarifa wilayani, mwalimu mkuu anayetakiwa kueleza kwa nini ufaulu umepanda au kushuka, msimamizi wa shirika anayemwandikia mfadhili, na diwani anayeulizwa kwenye kamati ya fedha kama mradi uendelee. Si lazima uwe umesomea takwimu. Ukijua kutoa na kugawanya, inatosha, mradi uwe tayari kujiuliza swali moja gumu kabla kalamu haijaandika neno "umefaulu".

Swali lenyewe ni hili: watoto hawa hawa, katika shule hizi hizi, mwaka huu huu, wangefikia wapi kama mradi usingekuja? Jibu lake halionekani kwa macho, maana mtoto hawezi kuwa ndani ya mradi na nje ya mradi kwa wakati mmoja. Kila mbinu ya tathmini inayostahili kuitwa mbinu ni jitihada ya kumtafuta mtu wa kusimama mahali pa yule mtoto tusiyeweza kumwona. Mtakwimu wa Marekani, Donald Rubin, aliliweka wazo hili katika lugha ya hesabu mwaka 1974, na walimu watafurahi kujua kwamba makala yake haikutoka katika jarida la tiba wala la uchumi, ilitoka katika jarida la saikolojia ya elimu. Miaka 14 kabla yake, jarida hilo hilo lilichapisha mbinu ya alama ya kukata, ambayo tutaifikia mbele. Nyenzo hizi zilizaliwa nyumbani kwetu. Wachumi wamezichukua wakapata nazo Tuzo ya Nobel mwaka 2019 na tena 2021, na sisi wa elimu bado tunaandika taarifa kwa kulinganisha mwaka jana na mwaka huu.

Chati za Busia

Katika miaka ya 1990 shirika la ICS lilikuwa likisaidia shule za msingi za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Miongoni mwa vifaa lililogawa ni chati kubwa za kufundishia, zenye kurasa za kugeuza, za masomo kama sayansi na hisabati. Wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz wakataka kujua kama chati hizo zinapandisha alama, na wakapima kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ile ambayo ofisi nyingi zingeifuata. Walichukua shule ambazo tayari zilikuwa na chati, wakazilinganisha na zisizokuwa nazo, wakarekebisha kwa hesabu tofauti nyingine walizozijua. Kwa njia hiyo chati zilionekana kupandisha alama kwa takriban moja ya tano ya mchepuko wastani, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika. Katika kazi ya elimu hicho si kiasi kidogo, na kwa kifaa cha bei nafuu namna ile mfadhili yeyote angepiga makofi.

Njia ya pili ilihusu shule 178. Nusu yake, shule 89, zilipewa chati kwa utaratibu usioangalia sifa ya shule yoyote. Nusu nyingine haikupewa. Alama za makundi hayo mawili zilipolinganishwa, tofauti ilikuwa karibu na sifuri.

Chati ni zile zile, na eneo ni lile lile. Kilichobadilika ni jinsi shule zilivyoingia katika kundi la wenye chati. Shule iliyojinunulia chati ina mwalimu mkuu anayehangaika, kamati inayokutana, wazazi wanaochanga bila kusukumwa. Watoto wake wangefanya vizuri hata ukutani pasingekuwa na kitu. Chati ilikuwa alama ya shule nzuri, wala si chanzo cha uzuri wake, na marekebisho ya kihesabu hayakuweza kuondoa tofauti ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Hakuna fomu ya sensa ya shule yenye safu ya "bidii ya mwalimu mkuu".

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, kabla ya kugusa alama yoyote, ni kuandika aya moja inayoeleza kwa ukweli jinsi shule za mradi zilivyopatikana. Ukikuta umeandika maneno kama "zilizo tayari", "zinazofikika", "zenye umeme", "zilizoomba" au "zilizopendekezwa na ofisi", jua kwamba shule hizo zilikuwa tofauti na nyingine kabla mradi haujaanza. Ukikuta umeandika "zilizofanya vibaya zaidi", tatizo ni la upande wa pili, na lina mtego wake tutakaoueleza sasa hivi. Aya hiyo iwe ukurasa wa kwanza wa taarifa. Kwa kawaida huwa haipo kabisa, au imefichwa kwenye kiambatisho.

Mwaka jana si kipimo

Kulinganisha mwaka jana na mwaka huu ndiyo tabia iliyozoeleka kuliko zote, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Kati ya miaka miwili mtihani hubadilika ugumu, mtaala hubadilika, walimu huhamishwa, mvua hukosekana au chakula cha shule huanza. Yote hayo huingia katika alama, na mradi husimama mbele kupokea sifa au lawama.

Lakini kuna jambo lililofichika zaidi. Chukua shule ndogo yenye watahiniwa 25. Mwaka mmoja wanafunzi watatu wazuri wakahama, wawili wakaugua wiki ya mtihani, na shule ikashika mkia wilayani. Mwaka unaofuata bahati mbaya hiyo haijirudii, na shule inapanda yenyewe bila msaada wa mtu. Sasa, sisi huchagua shule za kusaidia wakati gani? Wakati zimeshika mkia. Mtu huenda kwa mganga siku homa imepanda kabisa, na homa ikishuka kesho yake mganga ndiye anayesifiwa. Wanatakwimu huita jambo hili kurejea kwenye wastani. Mradi wowote unaochagua shule za mwisho, hata ukigawa chaki za rangi tu, una uhakika mkubwa wa kuonyesha "maendeleo" mwaka wa kwanza. Hali kadhalika shule iliyoongoza mkoa: ikishuka kidogo mwaka unaofuata, si lazima mwalimu mkuu awe amelala.

Dawa yake ni kuwa na shule nyingine zilizoshika mkia mwaka ule ule ambazo hazikusaidiwa. Hizo nazo zitapanda. Ni kile tu ambacho shule za mradi zimepanda zaidi yao ndicho unachoweza kuanza kukijadili.

Nani alifanya mtihani?

Mwaka 2013 Tanzania ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Moja ya hatua zake ilikuwa kupanga shule zote za msingi kwa matokeo ya darasa la saba na kutangaza nafasi ya kila shule, kitaifa na ndani ya wilaya yake. Fikra iliyokuwa nyuma yake ni rahisi: aibu itawaamsha walio nyuma. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia matokeo yake nchi nzima. Hawakuridhika kuona kwamba shule za mkiani zilipanda, kwa sababu tumeshaona kwamba za mkiani hupanda zenyewe. Walilinganisha kupanda huko na jinsi shule za mkiani zilivyokuwa zikipanda katika miaka ya kabla ya mpango. Waligundua kwamba shule zilizokuwa chini kabisa katika wilaya zao ziliongeza ufaulu kweli. Kisha wakahesabu watahiniwa, na hapo sura ikabadilika: shule hizo zilikuwa pia zimepunguza idadi ya wanafunzi waliofika darasa la mwisho.

Hesabu yake mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kidole. Tuseme shule ina watahiniwa 60 na 36 wamefaulu. Hiyo ni asilimia 60. Wanne ambao kila mwalimu anajua watafeli wakiambiwa wabaki darasa la sita, waliofaulu ni wale wale 36, lakini sasa kati ya 56. Asilimia imekuwa 64. Hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza neno jipya. Wanne wamepotea, na kwenye ubao wa matangazo shule imepanda.

Mambo huenda pia kinyume. Kenya ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, uandikishaji ulipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7. Wengi wa walioingia walikuwa watoto wa familia maskini, wengine wakubwa kuliko darasa lao. Katika hali kama hiyo wastani wa alama unaweza kushuka bila shule kufundisha vibaya zaidi, kwa kuwa wanaopimwa si watu wale wale. Anayesoma wastani peke yake atasema elimu bure imeharibu shule. Anayejua nani aliingia atasubiri kabla ya kusema.

Basi kila asilimia ya ufaulu unayoiandika isindikizwe na idadi nne, katika mstari mmoja: walioandikishwa darasa la kwanza miaka ile, walioingia darasa la mwisho, waliosajiliwa kwa mtihani, na waliokaa kwenye mtihani. Daftari la uandikishaji na la mahudhurio yako ofisini kwa mwalimu mkuu, hivyo kazi hiyo haichukui hata saa moja. Kama mwalimu mkuu hataki kutoa idadi hizo, hiyo nayo ni taarifa.

Kura ya hadharani

Mbinu iliyo bora, na kwa kweli iliyo rahisi kuliko zote, ni kuacha bahati iamue shule zipi zianze. Vifaa vikitosha shule 40 na shule zinazostahili ni 100, piga kura. Shule zote 100 zina nafasi sawa, wenye bidii na wavivu wanagawanyika pande zote mbili, na tofauti itakayoonekana baadaye haitakuwa na pa kujificha. Hata zile sifa ambazo hakuna anayezijua, achilia mbali kuzipima, hugawanyika.

Pingamizi husikika kila mara: ni haki gani kumnyima mtoto kitabu kwa kura? Lingekuwa pingamizi zito kama vitabu vingewatosha wote. Visipotosha, kuna atakayekosa kwa vyovyote vile, na kura inachukua nafasi ya kujuana, barabara nzuri na simu ya mkubwa. Isitoshe, wanaokosa leo wanaweza kuwa wa kwanza mwakani. Ndivyo ilivyofanyika katika mradi wa dawa za minyoo wa Busia ulioanza mwaka 1998. Shule 75 ziligawanywa makundi matatu: la kwanza likapata dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Hakuna shule iliyoachwa moja kwa moja, na katika miaka ya kusubiri wale wa nyuma ndio waliokuwa kipimo cha wale wa mbele. Edward Miguel na Michael Kremer walipochapisha matokeo mwaka 2004 walionyesha kwamba utoro ulipungua kwa karibu robo, lakini alama za mtihani hazikupanda. Mtu angeweza kuitumia habari hiyo nusu nusu apendavyo. Wao waliandika zote mbili.

Utaratibu wa kura uwe wa wazi kiasi kwamba hata aliyekosa ataridhika. Andaa orodha ya shule zote zinazostahili na ifungwe siku mbili kabla, ili asiongezwe mtu. Zigawanye kwanza kwa kata, au kwa za mjini na za vijijini, na upige kura ndani ya kila fungu. Hivyo hutaamka ukakuta shule zote za mradi ziko kando ya lami. Jina la kila shule liandikwe kwenye karatasi ya ukubwa mmoja, zikunjwe namna moja, zitiwe kwenye ndoo mbele ya walimu wakuu, wenyeviti wa kamati za shule na mwakilishi wa halmashauri. Achague mtu asiye na shule pale, tuseme mhudumu wa ofisi. Jina likitoka lisomwe kwa sauti na liandikwe ubaoni. Mwishoni waliohudhuria watie sahihi kwenye muhtasari, na orodha zote mbili, ya waliopata na ya waliokosa, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Hiyo ya waliokosa ndiyo inayopotea haraka, na bila hiyo tathmini haipo.

Baada ya kura usibadilishe kitu. Shule iliyopata ikikataa vifaa, au iliyokosa ikijitafutia kwingine, iachwe upande ilioangukia na jambo hilo liandikwe. Ukiihamisha umerudi kule kule kwenye chati za Busia: wanaobaki ni waliochaguliwa na bidii yao.

Kura isipowezekana

Mara nyingi uamuzi ulishafanywa kabla hujaulizwa. Bado kuna njia mbili ambazo ofisi ya wilaya inaweza kuzitumia.

Ya kwanza ni alama ya kukata. Penye mstari unaotenganisha waliopata na waliokosa, wale waliopata kwa alama moja na wale waliokosa kwa alama moja ni karibu watu wale wale. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliitumia mbinu hii nchini Kenya kwa shule za sekondari za kitaifa, zile ambazo wazazi walikuwa wakiziombea usiku na mchana baada ya matokeo ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kila mtu anajua shule hizo huongoza KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Watafiti hao walichukua watoto waliokuwa juu kidogo ya alama ya kujiunga na wale waliokuwa chini yake kidogo, wakawafuata mpaka kidato cha nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha kwamba kusoma shule ya kitaifa kuliongeza alama za KCSE kwa kiasi cha kuonekana. Shule hizo zinaongoza hasa kwa sababu zinapokea waliokwisha kuongoza. Haimaanishi hazina faida nyingine. Alama za mtihani hazipimi marafiki wala jina la shule litakalosomwa na mwajiri.

Kwako wewe, mbinu hiyo inafanya kazi popote palipo na kigezo cha namba. Mradi ukichukua shule zote zenye ufaulu chini ya asilimia 40, linganisha za 37 mpaka 39 na za 40 mpaka 42, usizichanganye za 12 na za 85. Sharti ni moja: mstari usiwe umejulikana mapema, kwa maana mwalimu mkuu anayejua kwamba 40 inamkosesha vifaa anaweza kupata 39 bila shida.

Njia ya pili ni kulinganisha mabadiliko badala ya viwango. Tuseme shule za mradi zilikuwa na wastani wa 41 na sasa zina 56, wakati shule nyingine za wilaya zilikuwa na 44 na sasa zina 54. Anayetazama mradi peke yake ataandika kwamba umeongeza alama 15. Lakini alama 10 zimeongezeka hata pasipo mradi. Kinachobaki ni 5. Hata hiyo 5 inasimama kwa sharti kwamba makundi hayo mawili yalikuwa yakienda sambamba zamani, kwa hiyo tafuta matokeo ya angalau miaka mitatu ya kabla na uyachore kwenye karatasi ya mraba. Mistari ikiwa imekwenda pamoja, endelea. Ikiwa shule za mradi zilikuwa zimeshaanza kupanda kabla mradi haujafika, acha, na uandike kwamba huwezi kusema.

Wanafunzi 900 wanaweza kuwa shule mbili

Taarifa nyingi hujigamba kwa idadi ya wanafunzi. Lakini wanafunzi wa shule moja wanafundishwa na walimu wale wale, wanapita njia ile ile, wanafungiwa na mto ule ule masika. Ukipeleka mradi shule moja na kuilinganisha na moja, una ulinganisho wa shule mbili, hata kama ndani yake wamo watoto 900. Mwalimu mmoja wa hisabati akienda likizo ya uzazi, matokeo yako yamegeuka.

Kinachohesabika ni idadi ya vitu vilivyopigiwa kura, yaani shule. Mradi wa minyoo ulikuwa na shule 75. KiuFunza, utafiti wa Tanzania tutakaoutaja hivi punde, ulikuwa na 350. Kwa maoni yangu, mwenye shule chini ya 20 kila upande aandike alichokiona na asitaje athari ya mradi kama jambo lililothibitishwa. Si aibu. Mradi wa shule sita unaweza kukufundisha mengi kuhusu utekelezaji, kwa mfano kama vitabu vinafika na kama walimu wanavifungua, na hayo hayahitaji kundi la kulinganisha.

Wastani huficha, na nakala si asili

Ukishapata jibu la jumla, usiishie hapo. Katika eneo lile lile la Busia vitabu vya kiada vya serikali viligawiwa kwa nasibu, na Glewwe, Kremer na Moulin hawakuona wastani wa alama ukipanda. Walipowagawa wanafunzi kwa alama walizokuwa nazo mwanzoni, waliona kwamba waliokuwa juu tayari walinufaika. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu. Kitabu kilimsaidia aliyeweza kukisoma. Anayesoma wastani tu angesema vitabu ni upotevu wa fedha, na angekosea. Tatizo lilikuwa mtaala ulioandikiwa wachache. Gawanya matokeo yako angalau mara tatu: walioanza chini, kati na juu, wasichana na wavulana, wenye mahudhurio mazuri na watoro. Hayo mafungu matatu yaamuliwe kabla ya kuona alama. Anayegawa na kugawa tena baada ya kuona matokeo hatakosa mahali ambapo mradi "umefanya kazi".

KiuFunza inatufundisha jambo jingine. Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza na watafiti wakiongozwa na Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan waligawa shule 350 za wilaya 10 za Tanzania kwa kura. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine 70 ziliahidiwa bakhshishi kwa walimu: shilingi 5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu somo. Nyingine 70 zilipata vyote viwili, na 140 hazikupata chochote. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Bakhshishi peke yake ilitoa matokeo yenye mashaka. Shule zilizopata vyote viwili zilipanda waziwazi, tena kuliko jumla ya viwili vikipimwa mbalimbali. Mwalimu mwenye ari lakini bila vitabu amekwama, na vitabu kabatini bila mwalimu mwenye sababu ya kuvitoa vimekwama pia. Halmashauri iliyopima ruzuku tu ingeifuta, na ingekuwa imefuta nusu ya dawa.

Jihadhari pia na kuchukua matokeo ya mahali pengine ukayabandika kwako. Magharibi mwa Kenya, walimu wa mkataba walioajiriwa chini ya usimamizi wa shirika walipandisha alama. Tessa Bold na wenzake walipolijaribu wazo hilo katika mikoa yote minane ya Kenya ya wakati ule, shule zilizosimamiwa na shirika ziliona faida, na zile zilizosimamiwa na wizara hazikuona. Mkataba ulikuwa ule ule. Uganda nako, katika eneo la Lango, Jason Kerwin na Rebecca Thornton walipima programu ya kusoma kwa lugha ya mama. Ikitekelezwa kwa gharama kamili iliinua sana usomaji. Ilipopunguzwa ili iwe nafuu, faida ya kusoma ilikaribia kutoweka, na katika kuandika watoto walionekana kurudi nyuma. Kwa hiyo ukiandika kwamba mradi "umethibitishwa", taja ulithibitishwa ukiendeshwa na nani, kwa gharama gani, na uendeshaji wako umeacha nini.

Kuandika taarifa yenyewe

Linganisha sentensi hizi mbili. "Kutokana na mradi, ufaulu umepanda kutoka asilimia 41 hadi 56." Na hii: "Ufaulu katika shule 40 zilizochaguliwa kwa kura ulifikia asilimia 56, katika shule 60 zilizokosa ulifikia 52, waliosajiliwa hawakupungua upande wowote, tofauti ni alama 4, na kwa idadi hii ya shule inaweza kuwa ndogo au kubwa zaidi ya hapo." Ya pili haipendezi kwenye bango. Lakini ndiyo ambayo afisa mipango anaweza kuipangia bajeti bila kuumbuka mwakani. Neno "kutokana na" litumike tu pale ambapo umeeleza kundi la kulinganisha lilipatikanaje. Kwingine tumia "wakati wa mradi".

Ukiona mradi haukuleta tofauti, andika hivyo hivyo. Mfadhili aliyezoea habari njema atanuna, lakini ofisi ambayo taarifa zake zote ni njema huwa haisomwi na mtu makini.

Hifadhi alama za mtoto mmoja mmoja, si wastani tu, na uondoe majina uweke namba. Takwimu za mradi wa minyoo zilipotolewa kwa watafiti wengine, mwaka 2015 walirudia hesabu na kukuta makosa kadhaa, na mjadala mkali ukafuata kuhusu ni kipi kinabaki na ni kipi kinaanguka. Mjadala huo uliwezekana kwa sababu takwimu zilikuwepo. Kuhusu vibali, utafiti rasmi Tanzania hupitia COSTECH na Kenya hupitia NACOSTI, na taarifa za watoto zinalindwa na sheria: ya mwaka 2022 kwa Tanzania, ya 2019 kwa Kenya. Kumpima mtoto kwa ajili ya utafiti kunahitaji ridhaa ya mzazi, hata kama mtihani ni wa dakika kumi.

La mwisho ni la kalenda. Bajeti ikishapita, orodha ya shule za mradi huandaliwa haraka, mara nyingi na mtu mmoja, jioni moja. Muombe aiache wazi mpaka kura ipigwe. Orodha ikishasainiwa na magari kupakiwa, hakuna mtaalamu wa takwimu, awe wa chuo gani, atakayeweza kukurudishia nafasi hiyo.